Wanafunzi wa sheria mlioko Marekani: ofisi ya kesi tupu au kampuni kubwa inayofanya kila kitu?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Msimu wa ajira ukikaribia, wadogo zetu wanaosoma sheria huku Marekani huanza kuulizana swali lilelile. Wengine wamezaliwa hukuhuku, wengine wametoka Dar, Nairobi au Bukavu. Mtu ameitwa na kampuni kubwa ya mawakili New York yenye idara zote: kodi, ardhi, mikopo ya mabenki, ununuzi wa makampuni, kesi. Wiki hiyohiyo ameitwa na ofisi isiyofanya kingine zaidi ya kesi. Aende wapi? Majibu anayopata kwa ndugu na marafiki ni mawili tu, "nenda kwenye jina kubwa" au "nenda wanakolipa zaidi". Hayo hayamsaidii mtu anayekwenda kuamua miaka yake ya mwanzo kazini, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Mimi nipo upande wa mahakamani. Nilianzia kampuni kubwa, baadaye nikahamia ofisi ya kesi. Msimamo wangu nausema mapema ili unaposoma ujue nimesimama wapi. Kama moyo wako uko mahakamani, nenda kwenye nyumba ambayo kesi ndizo zinazoilisha. Kama bado hujajua, nenda kampuni kubwa, ila chagua ile ambayo idara yake ya kesi inajitegemea, si ile inayosubiri makombo ya idara ya mikataba.

Tunazungumzia ofisi zipi?

Ofisi ya kesi tupu si lazima iwe ndogo. Quinn Emanuel ilianza Los Angeles mwaka 1986 na leo ina mawakili zaidi ya 1,000, wote wa kesi na usuluhishi. Susman Godfrey ilianzia Houston mwaka 1980. Williams & Connolly ya Washington ipo tangu 1967. Chicago kuna Bartlit Beck, San Francisco kuna Keker, Van Nest & Peters. Upande wa pili ndiko kwenye majina mnayoyasikia kila siku: Kirkland & Ellis, Latham & Watkins, Skadden, Davis Polk, Simpson Thacher.

Kuna na kundi la katikati ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Munger Tolles ya Los Angeles, Jenner & Block ya Chicago na WilmerHale zina idara nyingine, lakini ukiingia ndani unaona kesi ndizo zinazobeba heshima ya nyumba. Ukiwa na mashaka, anzia hapo.

Mgongano wa maslahi ndio uliozaa ofisi hizi

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vyuoni wanaufundisha mgongano wa maslahi kama somo la maadili na kuishia hapo. Kazini ndio unaoamua utapata kesi gani na utazikosa zipi.

Mwaka 1997 David Boies alikuwa mbia Cravath, Swaine & Moore, kampuni ambayo mtu hakuwa anaondoka hivihivi. Alikuwa akiitetea timu ya New York Yankees katika mgogoro wake dhidi ya ligi ya besiboli na timu nyingine za ligi hiyo. Mojawapo ya timu hizo, Atlanta Braves, ilimilikiwa na Time Warner, na Time Warner alikuwa mteja mkubwa wa Cravath. Ilibidi achague. Akaondoka, na mwaka huohuo akafungua ofisi yake.

Miaka 25 baadaye yakatokea mengine yanayofanana na hayo. Tarehe 23 Juni 2022 Paul Clement alishinda kesi ya Bruen katika Mahakama ya Juu, kuhusu haki ya kubeba silaha New York. Siku ileile kampuni yake, Kirkland & Ellis, ikatangaza haitachukua tena kesi za namna hiyo. Clement na mwenzake Erin Murphy wakatoka na kuanzisha ofisi yao. Unaweza usikubaliane kabisa na upande aliousimamia. Mimi nataka uone jambo moja tu: wakili alishinda kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi, na ushindi huohuo ukawa mzigo kwa nyumba yake, kwa kuwa nyumba ilikuwa na wateja wengine wa kuwaridhisha.

Tazama na mabenki. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008, FHFA, wakala wa serikali unaosimamia Fannie Mae na Freddie Mac, makampuni makubwa ya mikopo ya nyumba, uliamua mwaka 2011 kuyashtaki mabenki makubwa kwa dhamana za mikopo ya nyumba zilizouzwa kwa maelezo ya uongo. Nani angeichukua kesi hiyo? Kampuni kubwa za New York zinaishi kwa kazi za mabenki hayohayo. Quinn Emanuel walikuwa miongoni mwa walioibeba, kwa kuwa hawakuwa na idara ya mikopo ya kuwafunga mikono.

Kwa hiyo kwenye kampuni ya kila kitu, katika kesi kubwa za biashara mara nyingi utakaa upande wa mshtakiwa tajiri. Ni kazi halali na inafundisha mengi. Ila kama ulikwenda kusoma sheria ukiwa na hamu ya kumshtaki mkubwa, jua kwamba orodha ya wateja wa kampuni inaweza kuwa imeshakufungia mlango kabla hujaripoti kazini.

Kijana anafanya nini mchana kutwa?

Kesi kubwa kwenye kampuni kubwa huwa na timu kubwa. Wakili wa mwaka wa kwanza anapewa nyaraka: barua pepe za mteja kwa maelfu, azipange, aseme ipi ni siri na ipi itolewe kwa upande wa pili. Halafu utafiti, halafu rasimu ya sehemu ya hoja, ambayo itapita mikono minne kabla ya kufika mahakamani. Kwenye ofisi ya kesi timu inaweza kuwa ya watu wanne, na kwa watu wanne hakuna pa kujificha. Utaandika maombi yote, si kipande. Utakaa na shahidi wa kitaalamu. Utahoji mashahidi chini ya kiapo ofisini, ile wanayoiita deposisheni, na hapo ndipo wakili wa Marekani anapojifunza kazi, kwa sababu kesi za madai zinazofika hadi kusikilizwa kikamilifu katika mahakama za shirikisho ni chini ya asilimia 1. Nyingine zinafutwa, zinaamuliwa kwa maombi, au wahusika wanapatana.

Ndiyo maana huwa sishangazwi na ofisi inayojisifu ina kesi 200. Nauliza: wakili wenu wa mwaka wa tatu amehoji mashahidi wangapi kwa kinywa chake mwenyewe?

Pesa

Nitapita haraka, maana hili kila mtu analijua. Tangu mwisho wa 2023 kampuni kubwa zinalipa dola 225,000 kwa mwaka wa kwanza, na ngazi inapanda hadi 435,000 kwa mwaka wa nane. Ofisi za kesi za daraja la juu zinalipa kiasi hichohicho au zinazidi, hasa kwenye bonasi. Za daraja la kati zinalipa pungufu, na nyingine pungufu sana. Uliza, usikisie.

Kinachotofautiana ni chanzo cha pesa yenyewe. Baadhi ya ofisi hizi zinachukua kesi kwa makubaliano kwamba zikishinda zinapata sehemu ya fidia, zikishindwa hazipati kitu. Susman Godfrey wana utaratibu ambao naupenda sana: kesi ya namna hiyo ikiletwa, mawakili wote wanapiga kura, na kura ya kijana aliyeajiriwa juzi ina uzito sawa na ya mbia. Hebu fikiri unajifunza nini hapo kuhusu thamani ya kesi, kuanzia mwaka wako wa kwanza.

Yaliyotokea 2025

Machi na Aprili 2025 Rais Donald Trump alitoa amri dhidi ya kampuni kadhaa za mawakili. Amri hizo ziligusa ruhusa za kushika siri za serikali, kuingia majengo ya serikali, na hata mikataba ya serikali na wateja wa kampuni hizo. Kampuni nne zilikwenda mahakamani: Perkins Coie, Jenner & Block, WilmerHale na Susman Godfrey. Zote nne zilishinda mbele ya majaji wanne tofauti wa mahakama ya shirikisho ya wilaya ya Washington, kati ya Mei na Juni. Kampuni tisa nyingine zilichagua kukubaliana na Ikulu, zikaahidi huduma za bure za kisheria zenye thamani ya jumla ya dola milioni 940. Miongoni mwao ni Paul Weiss, Skadden, Kirkland, Latham na Simpson Thacher.

Simaanishi kwamba mawakili wa mikataba ni waoga. Perkins Coie yenyewe inafanya kila kitu, na Cooley, kampuni ya kila kitu pia, ndiyo iliyoitetea Jenner. Ila angalia mashine inavyofanya kazi. Mteja anayenunua kampuni ya dola bilioni 10 anahitaji vibali vya serikali mwezi ujao. Akihisi wakili wake ana ugomvi na serikali, anahama kesho asubuhi, na mbia aliyemleta anahama naye. Nyumba inayoishi kwa wateja hao ina la kupoteza ndani ya wiki moja. Nyumba inayoishi kwa kesi, wateja wake walikuja kwa sababu inajua kupigana. Mawakili waliosimama na Perkins Coie walikuwa Williams & Connolly. Waliosimama na Susman walikuwa Munger Tolles. Na Mei mwaka huohuo baadhi ya mawakili wakubwa wa kesi wa Paul Weiss, akiwemo Karen Dunn, walitoka na kuanzisha ofisi yao, Dunn Isaacson Rhee.

Mwanafunzi anayechagua leo ana ushahidi ambao sisi hatukuwa nao. Autumie.

Karibuni tujadili. Waliopo kampuni kubwa nawasubiri kwa hamu, msiniache niseme peke yangu.

#2 – Mchangiaji, JD (shahada ya sheria ya Marekani) mwaka wa kwanza

Asante sana kaka. Tatizo langu ni muda. Wanatuhoji mapema mno! Sijasoma hata somo la ushahidi, sijawahi kusimama kwenye mashindano ya kesi za kuigiza, halafu mtu ananiuliza kama nataka kesi au mikataba. Nitajuaje?

#3 – Mleta uzi

Mdogo wangu, uko sahihi. Zamani mahojiano yalikuwa Agosti kabla ya mwaka wa pili, na chuo ndicho kilichoyapanga. Siku hizi kampuni kubwa zinaanza kuchukua watu wangali mwaka wa kwanza, na anayesubiri ratiba ya chuo anakuta nafasi zimekwenda. Hilo linawabeba wenye wazazi mawakili, waliojua mapema, na linawaumiza watoto wa wahamiaji ambao ndio wanaisikia habari hii kwa mara ya kwanza chuoni.

Ofisi za kesi zina ratiba tofauti. Nyingi hazitegemei wanafunzi wa kiangazi, yaani wanaofanya kazi kwao wakati wa likizo. Zinaajiri watu waliokwisha kumaliza mwaka mmoja au miwili wakiwa wasaidizi wa kisheria wa jaji, hasa jaji wa shirikisho. Chache zinachukua wanafunzi wa kiangazi, na baadhi zinaruhusu ugawe kiangazi, wiki kadhaa kwao na wiki kadhaa kwa kampuni kubwa. Kwa hiyo kusema "ndiyo" kwa kampuni kubwa mwaka huu hakukuzuii kwenda ofisi ya kesi baadaye. Kinachoweza kukuzuia ni kutoomba kwa jaji.

Fanya hivi: kiangazi hiki nenda kwa jaji yeyote atakayekupokea, hata bila malipo, hata mahakama ya kaunti. Kaa kortini usikilize. Ukijikuta unatamani kusimama umsahihishe yule wakili anayehoji, umeshapata jibu lako.

#4 – Mchangiaji, wakili, Nairobi

Mleta uzi ameandika vizuri lakini kuna upande ameuruka. Kuna wale wanaofikiria kurudi nyumbani. Huku Nairobi, kampuni kama Bowmans au Dentons Hamilton Harrison & Mathews zikimpokea mtu aliyetoka New York, zinataka aliyefanya ufadhili wa miradi, ununuzi wa makampuni, mikopo ya kimataifa. Mikataba ile inaandikwa kwa mtindo mmoja London, New York na hapa. Sasa wewe uliyejifunza kuhoji mashahidi mbele ya wazee wa baraza wa Texas, wale raia wa kawaida wanaoamua kesi, hapa utafanya nini? Hatuna wazee wa baraza katika kesi za madai, hatuna deposisheni. Na bado utapita Kenya School of Law kama wenzako. Ofisi ya kesi inakufunga kwenye nchi moja. Mimi ningemshauri mdogo wangu achukue kampuni ya kila kitu bila kusita.

#5 – Mleta uzi

Wakili msomi, hoja hiyo ina nguvu na siipingi. Mazoea ya mahakamani hayavuki mpaka kirahisi, ya mikataba yanavuka. Anayejua kwa hakika kwamba baada ya miaka mitano atakuwa Upper Hill ya Nairobi au Masaki ya Dar, mikataba itamfaa zaidi. Na kwa ndugu zetu wa Tanzania, shahada ya Marekani haikuvushi Shule ya Sheria pale Dar. Utakwenda tu.

Ila kuna daraja moja: usuluhishi wa kimataifa. Kesi za wawekezaji dhidi ya serikali zetu zinaendeshwa Washington, London na Paris, na kanuni zake ni zilezile popote ulipo. Chukua mgogoro wa Indiana Resources na Tanzania kuhusu mradi wa nikeli wa Ntaka Hill kule Nachingwea. Mwaka 2023 baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, liliiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 pande mbili zikapatana kwa dola milioni 90. Katika kesi ya namna ile kuna barua za ofisi za serikali, kuna Sheria ya Madini na mabadiliko yake ya 2017, kuna mashahidi ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Wakili anayesoma faili la wizara bila mkalimani ana thamani kwa upande wowote ule, na ningependa tuone vijana wetu wengi zaidi upande wa serikali zetu.

Kazi hiyo inafanywa na kampuni kubwa na pia na ofisi maalumu. Three Crowns, iliyoanzishwa 2014 na yenye ofisi London, Paris na Washington, inafanya usuluhishi tu. Mwenye ndoto ya kurudi lakini hataki mikataba, atazame huko.

#6 – Mchangiaji, wakili kampuni kubwa, idara ya kesi

Umetuita, nimekuja. Niko kampuni ya kila kitu, mwaka wa nne, na sijutii.

Kwanza, mafunzo. Sisi tuna watu ambao kazi yao ni kutufundisha. Tuna wahariri, watafiti, watu wa kompyuta wa kupanga nyaraka usiku kucha. Kwenye ofisi ndogo kijana huachiwa faili saa tatu usiku na kuambiwa "utaelewa tu". Wapo wanaostawi hivyo, na wapo wanaovunjika.

Pili, kusimama mahakamani. Kesi yangu ya kwanza kusimama peke yangu ilikuwa ya hifadhi ya ukimbizi, ya mama aliyetoka Kivu ya Kusini. Kampuni ilinipa muda, ikalipa mtaalamu, ikanipa msimamizi. Mimi ndiye niliyemhoji mteja wangu mbele ya jaji wa uhamiaji, kwa Kiswahili chake kikipita kwa mkalimani, na palipotafsiriwa vibaya nilisimama nikasema. Tulishinda. Huduma za bure kwenye kampuni kubwa si pambo, mkiomba mnapewa.

Tatu, mtu anabadilika. Niliingia na watu waliokuwa wakisema kesi, kesi, kesi. Baada ya mwaka mmoja, wawili kati yao wako idara ya hakimiliki na wanafurahi. Walihama ghorofa, hawakuhama kazi.

#7 – Mleta uzi

Dada, hiyo ya mkalimani imenigusa sana, hongera. Na nakubali kuhusu mafunzo. Ofisi ndogo isiyo na mpango wa kumlea kijana ni hatari, na ukiona mawakili wa mwaka wa pili wanaondoka mfululizo usijipe moyo kwamba wewe utakuwa tofauti.

Naongeza moja kwa upande wangu. Nyumba kubwa zinahisi baridi ya uchumi mapema, kwa kuwa mikataba ndiyo inayokauka kwanza. Februari 2009 Latham & Watkins iliwapunguza mawakili 190 na wafanyakazi wengine 250 kwa mpigo. Kesi hazikauki hivyo, uchumi ukiharibika watu hushtakiana zaidi. Lakini ofisi inayosubiri malipo ya ushindi nayo inaweza kukaa muda mrefu bila mvua, kwa hiyo sisemi kuna mahali pa usalama kabisa.

#8 – Mchangiaji, mzazi, Maryland

Wanangu, mimi si mwanasheria, nimeletewa uzi huu na binti yangu. Yuko mwaka wa pili. Kampuni kubwa imeshampa nafasi ya kiangazi, na ofisi moja ya kesi imemwambia amalize kwanza mwaka kwa jaji ndipo arudi kwao. Anataka kwenda kwa jaji. Ana mkopo wa chuo unaozidi bei ya nyumba yetu ya Tanga. Mimi na baba yake tunaona anaacha chakula mezani. Nisaidieni kuelewa, kwa jaji kuna nini?

#9 – Mleta uzi

Shikamoo mama. Hofu yako ni ya haki kabisa, na mkopo si jambo la kupuuza.

Binti yako haachi chakula. Msaidizi wa jaji anakaa ofisini kwa jaji, anasoma maombi ya pande zote, anaandika rasimu za uamuzi, na anasikia jaji anasema nini mawakili wakishatoka. Mwaka mmoja wa hayo ni shule ambayo hainunuliwi. Mshahara ni mdogo, haufiki hata nusu ya ule wa kampuni kubwa. Lakini akimaliza, kampuni kubwa na ofisi za kesi humhesabia mwaka ule kama mwaka wa kazi na kumpa bonasi ya kuingia ya makumi ya maelfu ya dola. Waliotoka kwa majaji wa Mahakama ya Juu wanapewa hadi nusu milioni.

Kwa hiyo mwambie afanye kiangazi kampuni kubwa kama alivyopangiwa. Wakimpa kazi mwishoni, aulize waziwazi: nikienda kwa jaji mwaka mmoja, nafasi yangu ipo? Nyingi zinasema ndiyo, lakini apate maandishi. Kisha akae na wewe na baba mpige hesabu ya marejesho ya mkopo kwa mwaka ule mmoja, mwezi kwa mwezi, ipangwe kwenye karatasi. Mikopo ya serikali ina mipango ya kulipa kulingana na kipato. Ya benki binafsi haina huruma hiyo, na kama sehemu kubwa ni ya benki binafsi, hapo hata mimi ningesita.

Msalimie mzee.

#10 – Mchangiaji, LLM (shahada ya uzamili ya sheria), kutoka Dar

Mkuu, uzi wako unawahusu wenye JD na wenye karatasi. Sisi wa LLM tulio na viza ya mwanafunzi je? Nimekuwa wakili Dar miaka minne, kesi za Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu ndizo nilizokuwa nashinda nazo kila siku. Nataka kesi. Nina nafasi kweli kwenye ofisi hizo?

#11 – Mleta uzi

Wakili, nitakujibu kwa ukweli kwa sababu miezi yako huku ni michache na kila wiki ina bei.

Mlango wa kawaida wa ofisi za kesi ni jaji wa shirikisho, na mlango huo kwako kwa kawaida umefungwa. Sheria ya bajeti ya shirikisho hairuhusu mahakama za bara la Marekani kumlipa mshahara asiye raia, isipokuwa makundi machache kama mwenye ukaazi wa kudumu anayetafuta uraia au mkimbizi aliyetangaza nia hiyo. Mahakama zilizo nje ya bara, kama Hawaii na Guam, hazibanwi na kifungu hicho. Mahakama za majimbo zina taratibu zake, ulizia moja moja.

Pili ni kibali cha kazi. Baada ya LLM unapata miezi 12 ya OPT, ruhusa ya mwanafunzi kufanya kazi baada ya masomo, na sheria haimo kwenye masomo ya sayansi yanayoongezewa miezi 24. Ndani ya muda huo mwajiri anatakiwa akuombee H-1B, viza ya kazi, na uingie kwenye bahati nasibu. Kampuni kubwa ina idara au wakili wa uhamiaji wa kudumu, imeshafanya hivyo mara nyingi. Ofisi ya mawakili 30 pengine haijawahi kufanya hata mara moja. Kwa mtu wa viza, hii peke yake inaweza kuamua, na hapa msimamo wangu wa post ya kwanza unabadilika: tafuta kampuni kubwa kwanza, idara ya usuluhishi wa kimataifa au ya uchunguzi wa rushwa ya kimataifa, ambako miaka yako minne ya Kitengo cha Biashara ni mtaji. Fanya mtihani wa uwakili wa New York. Ukishapata karatasi za kueleweka, milango ya ofisi za kesi inafunguka hata bila jaji, kwa sababu wakati huo utakuwa na kesi zako za kuonyesha.

Na usifiche Dar kwenye wasifu wako. Nimeona wenzetu wanaandika miaka ya uwakili nyumbani kwa mstari mmoja chini kabisa, eti Wamarekani hawataelewa. Andika: nimesimama mara ngapi, mbele ya mahakama gani, nimehoji mashahidi wa aina gani. Kijana wa hapa wa mwaka wa nne kwenye kampuni kubwa anaweza kuwa hajafanya hata robo ya hayo.

#12 – Mchangiaji, JD mwaka wa kwanza

Kaka nimerudi. Nina mahojiano mawili wiki ijayo, moja kila upande. Nipe maswali ya kuuliza, yale ambayo hawawezi kunijibu kwa maneno ya kwenye tovuti.

#13 – Mleta uzi

Kwa kampuni kubwa: mwaka jana ni kesi gani mlilazimika kuikataa kwa sababu ya mteja wa idara nyingine? Anayekujibu kwa uwazi, bila kutaja majina, anafanya kazi kwenye nyumba inayojitambua. Halafu uliza, kazi za idara ya kesi zinatoka kwa wateja wake yenyewe au ni migogoro ya wateja wa mikataba? Na saa za huduma za bure zinahesabiwa kwenye lengo la saa za kazi za mwaka, zote au kwa kikomo?

Kwa ofisi ya kesi: nani atasoma rasimu yangu ya kwanza, na atanirudishia ikiwa na nini juu yake? Kesi mbili kubwa zikipatana mwezi mmoja, mawakili vijana wanafanya nini? Kati ya wabia wenu wa sasa, wangapi walianzia hapa wakiwa waajiriwa? Hili la mwisho lisikilize kwa makini, maana zipo ofisi ambazo wabia wote walikuja wakiwa wakubwa tayari, na kijana hapandi.

Kwa wote wawili omba kuongea na wakili wa mwaka wa tatu bila mbia kuwepo chumbani. Muulize alihoji shahidi lini mara ya mwisho, na akumbuke alivyomhoji. Ukiona ameanza kusimulia na amesahau muda, rudi hapa utuambie ni wa ofisi ipi kati ya hizo mbili.